Kwa nini taarifa ya bei haikusikika Jumatatu mbili

Msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Magoma alitupigia simu Jumanne asubuhi, na hakutusalimia kwanza. Alikuwa na magunia ya mahindi nyumbani, mchuuzi alikuwa amemwahidi kufika alfajiri, naye alikaa na redio Jumatatu jioni akingoja taarifa yetu ya bei za mazao ili ajue aseme bei gani. Taarifa haikuja. Ulipigwa muziki. Asubuhi mchuuzi akataja bei yake, akataka na lumbesa juu, na mama huyo hakuwa na la kumjibu. Alitaka kujua kama tumeacha kipindi, na kama tumeacha, kwa nini hatukusema.

Hatukuwa tumeacha. Taarifa ilirekodiwa mchana kama kawaida na ilikuwa ndani ya kompyuta. Jumatatu iliyofuata tukarekodi tena, na tena haikutoka. Mara hii simu zilikuwa nyingi zaidi, nyingine kutoka Mombo na upande wa Handeni. Wengi wenu mliuliza, na baadhi mkasema tumelipwa na walanguzi ili tunyamaze. Tumeona tueleze kilichotokea, kwa sababu kinagusa hata simu mliyoishika mkononi sasa hivi.

Kosa lilianzia kwenye jambo jema. Kijana aliyekuja kusaidia studio aliona kompyuta ya kurushia matangazo inazungumza Kiingereza kitupu, na watangazaji wawili wanahangaika na maneno yake. Akaibadilisha lugha ikawa Kiswahili. Kila mtu alifurahi. Hakuna aliyefikiria kwamba Jumatatu ingekuwa na jina jipya.

Karatasi ya maagizo

Kuanzia saa 12 jioni studio yetu huwa na mtu mmoja tu, na wakati mwingine huyo naye yuko kwenye simu za wasikilizaji. Kwa hiyo kazi nyingi za kupanga sauti hufanywa na kompyuta yenyewe, kwa kufuata skripti. Skripti si kitu cha ajabu. Ni kama karatasi unayomwachia kijana wa dukani unapokwenda mjini: saa fulani fungua, mteja akija na deni andika, ikifika jioni funga. Kompyuta huisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari na kutekeleza.

Kompyuta yetu hutumia mfumo wa Linux, na programu inayosoma maagizo hayo huitwa sheli. (Si ile ya kujazia petroli. Fundi wetu amechoka kutaniwa juu ya hilo.)

Ndani ya skripti ya jioni mlikuwa na agizo hili:

if [ "$(date +%A)" = "Monday" ]

Maana yake: iulize kompyuta leo ni siku gani, na kama jibu ni “Monday”, cheza taarifa ya bei. Kwa miaka yote kompyuta ilijibu “Monday”. Siku ilipogeuzwa lugha ikaanza kujibu “Jumatatu”, na jibu hilo ni sahihi kabisa. Lakini skripti ilikuwa inangoja neno moja tu. “Jumatatu” si “Monday”, kwa hiyo kwa macho ya skripti siku hiyo haikuwa siku ya bei. Ikapita, ikaenda kwenye muziki. Haikutoa kelele wala onyo, kwa sababu kwake hapakuwa na kosa lolote.

Kilichotuchelewesha hadi wiki ya pili ni kwamba fundi aliichukua skripti ile akaijaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambayo ni ya Kiingereza, ikafanya kazi vizuri. Akatuambia skripti ni nzima, tatizo litakuwa faili la sauti. Tukarekodi upya kwa uangalifu mkubwa. Jumatatu ikafika, muziki.

Mnaofanya kazi hizi kwenye steshenari za hapa Manundu, au mnaosoma kompyuta sekondari, likumbukeni hilo. Skripti inayokubali kwako na kukataa kwa mwenzako, kabla hujailaumu au kumlaumu yeye, andikeni wote wawili neno locale kwenye sheli na mlinganishe majibu. Kompyuta itawaonyesha kila mmoja anatumia mpangilio upi wa lugha na eneo. Ya Kiswahili cha Tanzania huandikwa sw_TZ, ya Kenya sw_KE, ya Kiingereza cha Marekani en_US.

Lugha ya kompyuta si maneno tu

Watu wengi hudhani ukibadilisha lugha ya simu au kompyuta unabadilisha maneno ya kwenye vitufe. Ukweli ni kwamba unabadilisha mambo mengi kwa pamoja: majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe, nukta na mkato kwenye namba, mpangilio wa orodha ya majina, hata namna herufi ndogo inavyogeuzwa kuwa kubwa. Kwenye Linux kila kimoja kina jina lake. LC_TIME ni ya tarehe na saa, LC_NUMERIC ni ya namba, LC_COLLATE ni ya kupanga orodha, LC_MESSAGES ni ya maneno ambayo programu humwambia mtumiaji. LANG ndiyo lugha ya jumla, inayotumika pale ambapo hizo nyingine hazikutajwa. Na juu yao wote yuko LC_ALL, ambaye akitamka, wengine wote hunyamaza.

Tuanze na siku, maana hapo sisi Waswahili tuna mambo yetu. Sisi tunahesabu kutoka Jumamosi, ya kwanza, hivyo Jumatatu kwa jina lake ni ya tatu na Jumatano ni ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, neno lililotoka Kiarabu, nalo pia lina tano ndani yake, kwa hesabu ya Waarabu wanaoanza na Jumapili. Kwa hiyo tuna siku mbili za tano zilizofuatana, na hakuna mtu anayekosa basi la Tanga kwa sababu hiyo. Kompyuta, kwa kipimo cha kimataifa, huanza na Jumatatu kuwa 1 na kumaliza na Jumapili kuwa 7.

Hiyo namba ndiyo iliyotuokoa. Badala ya kuuliza jina la siku, skripti sasa inauliza namba yake:

if [ "$(date +%u)" = "1" ]

Kompyuta iwe ya Kiswahili, ya Kifaransa au ya Kichina, Jumatatu itajibu 1.

Fundi alipokuwa anapekua akakuta shimo jingine ambalo bado hatujatumbukia. Faili za taarifa zilikuwa zinapewa majina kwa siku na kifupisho cha mwezi, na skripti moja ilikuwa na vifupisho vya Kiingereza imeandikiwa kwa mkono, nyingine inaiuliza kompyuta. Sasa angalia vifupisho vya Kiswahili: Jan, Feb, Mac, Apr, Mei, Jun, Jul, Ago, Sep, Okt, Nov, Des. Vya Kiingereza: Jan, Feb, Mar, Apr, May, Jun, Jul, Aug, Sep, Oct, Nov, Dec. Miezi 7 inafanana herufi kwa herufi. Miezi 5 haifanani. Kosa la namna hii lingelala Januari na Februari, liamke Machi, lilale Aprili, liamke Mei. Fundi angeitwa Machi, aje Aprili akute kila kitu kinafanya kazi, aondoke. Tunadhani mitambo mingi tunayosema “ina mapepo” ina kitu kama hiki ndani yake.

Dawa yake ni tarehe ya tarakimu tupu, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-06. Kwenye sheli huandikwa date +%F. Faida yake nyingine ni kwamba faili zikipangwa kwa majina, zinajipanga zenyewe kwa tarehe.

Tarehe ya kliniki na saa ya redio

Hapa hata asiyewahi kugusa kompyuta ana la kuangalia. Simu nyingi zinanunuliwa zikiwa kwenye Kiingereza cha Marekani, na mwenye simu haibadilishi. Wamarekani huanza na mwezi. Kwa hiyo 03/04 kwetu ni tarehe 3 mwezi wa nne, kwenye simu ya namna hiyo ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Hapo katikati pana karibu mwezi mzima. Kama ni tarehe ya kumrudisha mtoto kliniki, au siku ya kurejesha mkopo wa kikundi, mwezi mzima si kitu kidogo. Ikizidi tarehe 12 huwezi kukosea, maana hakuna mwezi wa 13. Hatari iko kwenye siku 12 za mwanzo wa mwezi, na zaidi pale siku na mwezi vinapokuwa na namba tofauti. Unapomwandikia mtu tarehe kwa ujumbe, andika mwezi kwa jina: 3 Aprili. Herufi chache hizo ni rahisi kuliko nauli ya kurudi bure.

Saa nayo ina hadithi yake. Kila tunapotangaza kwamba kipindi fulani ni saa 1:30 jioni, kuna msikilizaji anayeweka kengele ya simu 1:30. Kengele inalia saa saba na nusu, mchana wa jua kali au usiku wa manane, kutegemea alivyochagua. Simu huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, tofauti ni saa 6. Hivyo 1:30 jioni yetu, kwenye simu ni 7:30 ya jioni, au 19:30 kama simu yako ina saa 24. Kuweka simu kwa Kiswahili hakubadilishi hesabu hiyo ya saa. Ni moja ya mambo machache ambayo watengenezaji hawajatufuata, na kwa kweli tungekuwa sisi tungeogopa pia kuligusa.

Kwa kompyuta zilizo mbali kuna tabaka la tatu. Zinazohifadhi tovuti mara nyingi hutumia saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Saa 12 asubuhi yetu ni 06:00 kwenye simu yako na 03:00 huko. Mtu akikosea mahali pamoja kati ya hizo tatu, habari ya asubuhi inapanda mtandaoni wakati watu wanakula chakula cha mchana.

Elfu moja mia tano, au moja na nusu?

Mahindi yakiwa, tuseme, shilingi 1,500 kwa kilo, sisi tunaandika mkato baada ya elfu. Ukipokea ujumbe wa pesa kwenye simu utaona mkato kwenye maelfu na nukta kabla ya senti: 15,000.00. Tumezoea hivyo, na mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania na Kenya kwenye kompyuta unafuata hivyo.

Lakini Kiswahili kinasemwa pia Goma na Bukavu, na huko shule na ofisi zilifuata Kifaransa na desturi za Kibelgiji. Katika CLDR, ile hazina ya kimataifa ya mipangilio ya lugha ambayo watengenezaji wengi wa simu na programu huchota kwake, Kiswahili cha Kongo kimewekewa kinyume chetu: nukta kwenye maelfu, mkato kwenye sehemu ndogo. Lugha ni ile ile, lakini 1,500 ya Korogwe ni elfu moja mia tano, na kwa mpangilio wa Kongo ni moja na nusu. Wajerumani nao hufanya hivyo hivyo.

Skripti ikikutana na hili ina njia mbili za kuharibika. Njia nzuri ni kukataa: ukiiambia sheli iliyo kwenye mpangilio wa Kijerumani iandike 2.5 kwa kutumia printf, itakwambia hiyo si namba halali. Njia mbaya ni kukubali kimya na kukupa jibu lisilo sahihi. Sisi bei zetu zinapokelewa kwa ujumbe kutoka kwa watu walioko masokoni, na wengine huandika 1.500 kwa sababu kitufe cha nukta kiko karibu na kidole. Kwa hiyo skripti yetu sasa haikubali nukta wala mkato. Inaviondoa vyote kwanza, inabaki na tarakimu tupu, na mtangazaji anaipitia orodha kwa macho kabla ya kusoma. Hatutaki mashine imtangazie mtu wa Segera kwamba kilo ya mahindi ni shilingi moja na nusu.

Ng'ombe aliyepotea

Katika kupekua huko tukagundua deni jingine tunalowadai radhi. Mnapotuma ujumbe wa maswali ya ufugaji, skripti huutafuta kwa maneno: mbuzi, kuku, ng'ombe. Ujumbe wa mbuzi na kuku ulikuwa unafika vizuri kwa mtaalamu. Wa ng'ombe ulikuwa unafika nusu.

Sababu ni kile kialama kidogo. Kwenye simu za kawaida za vitufe kinakuwa wima, namna hii: '. Baadhi ya simu janja, na programu za kuandikia barua, hukigeuza zenyewe kiwe kimepinda, namna hii: ’. Kwa macho yako ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, kama vile b na d. Skripti ikitafuta ng'ombe wa alama wima haimwoni ng’ombe wa alama iliyopinda. Ng'ambo, ng'oa na ng'arisha nao wamo kwenye mkumbo huo.

Kabla ya hapo kialama hicho hicho kilikuwa kimeshamsumbua fundi kwa njia nyingine. Kwenye sheli, alama wima hutumika kufungua na kufunga maneno. Ukiandika echo 'Bei ya ng'ombe', sheli inadhani maneno yamefungwa pale kwenye ng, kisha inaona alama ya mwisho inafungua kitu kipya, na inakaa kungoja ukifunge. Ukiona sheli imekuwekea > na haisemi kitu, huenda umeandika neno la Kiswahili. Tumia alama za kufungia mbili mbili: "Bei ya ng'ombe".

Jambo hili linawahusu pia nyie mnaonunua vocha. Ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160, mradi herufi zote ziwe kwenye orodha fupi ya zamani ya simu. Alama wima imo. Alama iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima hubadilishwa namna ya kuandikwa, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya herufi 67. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150 ambao ungekwenda kama mmoja, ukiwa na ng’ombe mmoja wa kupinda unakuwa ujumbe wa 3. Simu nyingi huonyesha hesabu pembeni ya sehemu ya kuandikia. Ukiona namba imeruka ghafla, rudi utafute alama hiyo. Vikatuni vya uso wa kucheka hufanya vilevile.

Basi turudishe Kiingereza?

Hilo ndilo lilikuwa pendekezo la kwanza kwenye kikao chetu, na liliungwa mkono na zaidi ya mtu mmoja. Tulilikataa. Kompyuta ya Kiswahili haikukosea chochote. Iliulizwa siku kwa Kiswahili ikajibu kwa Kiswahili. Aliyekosea ni aliyeandika skripti akidhani kompyuta zote duniani zitajibu Kiingereza milele. Na kazi ya kuifanya kompyuta iseme Kiswahili haikuwa ndogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo watu wengi wameendelea kutafsiri mifumo ya simu na kompyuta neno kwa neno. Ingekuwa aibu sisi, redio ya Kiswahili, tuwe wa kuirudisha nyuma.

Dawa ilikuwa kutenganisha mazungumzo ya mashine kwa mashine na mazungumzo ya mashine na mtu. Juu kabisa ya kila skripti tumeweka mstari huu:

export LC_ALL=C

C ni mpangilio wa msingi usio wa nchi yoyote, uliopata jina lake kwenye lugha ya programu ya C iliyobuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Skripti inapoanza na mstari huo, ndani yake siku zina majina ya Kiingereza, namba zina nukta, na orodha hupangwa kwa namna moja kila mahali. Ikimaliza, kompyuta inabaki ya Kiswahili. Mtangazaji haoni tofauti yoyote.

Hilo la orodha nalo halikuwa dogo. Kwenye mpangilio wa C, herufi kubwa zote hutangulia herufi ndogo zote. Orodha ya vituo vyetu ilikuwa inapangwa Handeni, Magoma, Segera, halafu mombo mwishoni, kwa sababu kuna mtu aliandika mombo kwa m ndogo. Kwenye mpangilio wa lugha za watu, mombo huingia kati ya Magoma na Segera. Mpangilio wowote kati ya hizo mbili unafaa, balaa ni kuchanganya: faili moja ipangwe kwa namna hii, la pili kwa namna ile, kisha uagize join iyaunganishe. Nusu ya mistari inaachwa nje.

Waliosikia habari za C wakadhani ni muarobaini tuwatahadharishe. Kwenye mpangilio huo kompyuta haioni herufi, inaona vipande vidogo vya kuhifadhia, yaani baiti. Herufi zetu za a hadi z ni baiti moja moja, hakuna shida. Lakini ile alama iliyopinda ni baiti 3. Fundi alijaribu kutafuta ng.ombe, ambapo nukta ina maana ya “herufi yoyote moja”. Kwenye mpangilio wa Kiswahili ng'ombe wote walionekana, kwenye C waliopinda wakapotea tena, kwa sababu baiti 3 si moja. Hatimaye akaweka agizo la kuzinyoosha alama zote mwanzoni kabisa, kabla ya kutafuta chochote:

sed "s/’/'/g"

Hilo linafanya kazi kwenye mipangilio yote miwili, mradi ujumbe na skripti vyote viwe vimehifadhiwa kwa UTF-8, na siku hizi karibu vyote viko hivyo.

Kuna tabia nyingine tuliyoiacha. Skripti zetu za zamani zilikuwa zinajua kama faili la sauti halipo kwa kusoma maneno ya kompyuta, “No such file or directory”. Kompyuta ya Kifaransa hukwambia “Aucun fichier ou dossier de ce type”, na skripti haielewi. Kila amri inapomaliza huacha namba: 0 ikifaulu, namba nyingine ikishindwa. Namba hiyo haitafsiriwi. Sasa tunaiuliza namba.

Na anayeandika programu kwa ajili ya watu wa mbali akumbuke Waturuki. Kwao i ndogo ikikuzwa inabaki na nukta yake juu, İ, na I kubwa ikipunguzwa inakuwa ı isiyo na nukta. Programu nyingi zilizojaribiwa Ulaya na Marekani zimewahi kuharibika zilipofika Uturuki kwa sababu ya hilo tu. Kwetu, ambako mahindi, ufuta wa asili na mkonge wa kisasa vyote vimejaa i, ni rahisi kuona orodha ya bei ingekuwaje.

Tulivyofanya Jumatatu iliyofuata

Hatukuiamini skripti mpya kwa kuiangalia tu. Fundi aliiendesha mara tatu kabla ya siku yenyewe: mara moja kompyuta ikiwa sw_TZ, mara moja en_US, mara moja Kijerumani kwa ajili ya mikato. Kila mara aliidanganya tarehe ili idhani ni Jumatatu, kisha akaidanganya iwe Machi. Ilicheza faili lile lile mara zote. Tumemwomba kila anayeongeza skripti hapa afanye majaribio hayo, ni kazi isiyozidi muda wa kunywa chai.

Tumeongeza pia kitu ambacho tungekuwa nacho tangu mwanzo. Ikifika dakika 5 baada ya muda wa taarifa ya bei na faili halijachezwa, simu ya mtangazaji wa zamu inapokea ujumbe. Ujumbe huo uko kwa Kiswahili, hauna alama iliyopinda, na una herufi chini ya 160.

Taarifa ya bei za mazao inaendelea kila Jumatatu saa 1:30 jioni, na sasa tunairudia Jumanne saa 12:15 asubuhi, kabla wachuuzi hawajafika. Hilo la kurudia aliliomba yule mama wa Magoma mwishoni mwa simu yake, baada ya hasira kupungua. Kwenye kengele ya simu, ya jioni weka 7:30 PM, ya asubuhi weka 6:15 AM.